Maswali ya Wasomaji: Harusi Kwenye Jumba la Kale Juu ya Bahari

Barua za mwezi huu zimefuatana kana kwamba waandishi wake walikaa meza moja. Karibu zote zinatoka kwa watu wa Nairobi, na zote zinauliza juu ya harusi ya mbali: nyumba ya zamani, mwamba, na bahari chini yake. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu inabeba maswali ya wengine wengi walioniandikia.

Mama Mshauri, mimi na mchumba wangu tunatarajia kufunga ndoa mwaka ujao. Tumeona jumba la kale lililojengwa juu ya mwamba wa matumbawe kati ya Mtwapa na Kilifi, lenye baraza pana, mbuyu mkubwa na ngazi za mawe zinazoshuka hadi ufuoni. Msimamizi anataka nusu ya kodi kama arbuni kabla ya mwezi kwisha, na anasema mahali hapo panatosha watu 120. Kamati yetu ya harusi imekwisha kuandika majina 340. Tarehe tuliyoichagua ni Jumamosi ya pili ya Julai. Je, tulipe? — Mtarajiwa, Lang'ata

Binti yangu, msilipe kwanza. Barua yako ina mambo mawili yanayogombana, na arbuni haiwezi kuyapatanisha: nyumba ya watu 120 na orodha ya watu 340. Harusi ya Nairobi ni mali ya wengi. Kuna waliochanga, waliokaa kwenye kamati kila Alhamisi, wanajumuiya wa kanisani, wenzenu wa kazini na majirani wa wazazi, na kila aliyechanga huamini, kwa haki yake, kwamba ana kiti. Harusi ya mbali ni mali ya wale tu mnaoweza kuwasafirisha, kuwalisha na kuwalaza bila aibu. Mkichanganya taratibu hizi mbili mtapata lawama za pande zote. Kaeni na wazazi, mpunguze orodha hadi majina 100 au mwachane na jumba hilo, na uamuzi huo mwiambie kamati kabla shilingi moja haijachangwa. Kuchangisha watu 340 na kualika 120 ni deni ambalo mtalilipa kwa miaka. Wengine hufanya chakula kikubwa Nairobi, nyumbani kwa wazazi au ukumbini, kisha wakaenda Pwani na watu wachache. Njia hiyo naiona ya heshima, mradi walioachwa waambiwe mapema na kwa mdomo, wala si kwa ujumbe wa simu.

Usidhani kwamba msimamizi amewatajia idadi ndogo ili awabane. Majumba ya zamani ya Pwani hayakujengwa kwa ajili ya umati. Shimo la maji machafu lilichimbwa katika mwamba kwa mahitaji ya familia moja na watumishi wake, na likipokea watu 300 kwa jioni moja litawajulisha kabla keki haijakatwa. Maji ya kisima huwa na chumvi, kwa hiyo maji ya kupikia huletwa kwa lori. Ikiwa nyumba ina ghorofa ya mtindo wa Kiswahili, sakafu ya juu imebebwa na boriti za mikoko, na ndiyo sababu vyumba vya nyumba hizo ni virefu na vyembamba: upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti. Sakafu ya namna hiyo imestahimili vizazi vya watu waliotembea juu yake kwa utaratibu, lakini watu 80 wanaoruka kwa mpigo mmoja wa ngoma ni jambo jingine kabisa. Muziki na uchezaji viwe chini, juu ya ardhi. Ulizeni pia vyoo ni vingapi, na kama vya kukodi vina mahali pa kusimama bila kuonekana kutoka barazani.

Sasa mwamba wenyewe. Miamba ya Pwani yetu ni matumbawe ya kale, mabaki ya miamba ya baharini iliyobaki juu maji yaliposhuka maelfu ya miaka iliyopita. Jiwe hilo ni gumu kwa juu, lakini mawimbi hulitafuna kwa chini, hivi kwamba mahali pengi ukingo unaoukanyaga umening'inia hewani na hujui. Shukeni ufuoni maji yanapokupwa, mtazame kutoka chini, na mtaelewa kwa nini nasema viti, jukwaa na spika visikaribie ukingo kwa chini ya hatua kumi, na kwa nini usiku lazima pawe na uzio na taa hata kama mpambaji atalalamika kwamba vinaharibu mandhari. Wageni watakuwa wamekunywa, na watoto watakuwa wamechoka kukaa. Ngazi za kushukia ufuoni zifungwe jua likizama, na mlinzi mmoja awekwe hapo asiye na kazi nyingine.

Jiwe hilohilo lina shida ya pili ambayo watu wa hema kutoka bara hawaitambui mpaka wafike: vigingi haviingii. Hema juu ya mwamba hushikiliwa kwa uzito, yaani mapipa ya maji au vitalu vya saruji, na uzito huo lazima uwe umekadiriwa kwa upepo wa bahari. Hapo ndipo tarehe yenu inaponitia wasiwasi. Julai ni mwezi wa kusi. Upepo wa kusi huanza Aprili pamoja na mvua za masika, hupata nguvu Juni hadi Agosti, na kwenye mwamba hauna kizuizi chochote kati yake na shela yako. Nilihudhuria harusi moja ya Julai kusini mwa Mombasa ambapo hema la wazazi liliinuka upande mmoja wakati wa hotuba, likakaa hewani kwa muda ambao kila mmoja wetu aliuhesabu, kisha likaangukia meza ya vyakula. Hakuna aliyeumia, lakini biriani ililiwa na kunguru. Chagueni Septemba au mwanzo wa Oktoba, wakati kusi imechoka, kipindi ambacho mabaharia hukiita tanga mbili. Au Februari hadi katikati ya Machi, kaskazi inapotulia, ingawa joto la miezi hiyo litawatesa wanaume wenye suti nzito. Tazameni pia kalenda ya Kiislamu, kwa kuwa Ramadhani hurudi nyuma kwa takriban siku kumi na moja kila mwaka na kwa miaka hii inaangukia humo humo Februari na Machi. Wapishi wengi wazuri wa Pwani ni Waislamu, na si vyema kuwasimamisha jikoni mchana kutwa juu ya sufuria ambazo hawawezi kuonja.

Mkishachagua mwezi, chagueni siku kwa kuangalia mwezi wa angani. Tofauti ya maji kujaa na kupwa kwenye pwani ya Kenya hupita mita 3 wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Siku hizo maji hujaa mnamo saa kumi alasiri, au baada yake kidogo, na hukupwa asubuhi mnamo saa nne. Katikati ya vipindi hivyo, wakati wa maji mafu, mambo huwa kinyume, na alasiri mtaangalia mawe na mwani badala ya bahari. Kwa hiyo Jumamosi iliyo karibu na mwezi mpevu inawapa zawadi mbili bila malipo: mawimbi chini ya mwamba wakati wa viapo, na mwezi unaochomoza kutoka baharini jua linapozama nyuma ya nyumba. Hakuna mpambaji wa Nairobi anayeweza kuwauzia kitu hicho. Majedwali ya maji huchapishwa kwa bandari ya Kilindini, Mombasa, na mvuvi yeyote wa Kilifi atakueleza bila jedwali.

Kuhusu mkataba, nitataja tu yale ambayo watu huyasahau. Arbuni irudishwe kwa kiasi gani mkiahirisha, na mpaka lini. Nani analipa boriti au kigae kikivunjika. Jenereta ni ya nani na mafuta ni ya nani. Muziki unazimwa saa ngapi. Hili la mwisho si hiari ya mwenye nyumba peke yake. Kanuni za kelele za mwaka 2009 zinahesabu usiku kuanzia saa mbili, si saa sita kama watu wa Nairobi wanavyodhani, na mnahitaji kibali cha sherehe kinachoombwa mapema. Mpiga picha akitaka kurusha droni, awe na idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Fataki na taa za kurushwa angani zikataeni kabisa ikiwa kuna paa la makuti hata moja karibu, liwe lenu au la jirani.

Kuhusu safari: treni ya Madaraka Express kutoka Syokimau, pembeni mwa Nairobi, hadi Miritini, pembeni mwa Mombasa, imekuwa ikigharimu shilingi 1,500 daraja la kawaida tangu Januari 2024, na huchukua saa tano hadi sita, lakini Miritini si Kilifi, na basi dogo kutoka stesheni linaweza kuchukua saa mbili au zaidi. Anayeondoka Nairobi Jumamosi asubuhi hatawahi viapo. Wageni wafike Ijumaa, nanyi mfike Jumatano.

Mama Mshauri, mimi ni mzazi. Binti yangu na mchumba wake wanataka kuoana kwenye bustani ya nyumba ya zamani huko Pwani. Sisi ni Wakatoliki na paroko wetu hakufurahi aliposikia. Vijana wanasema msajili wa serikali atakwenda huko na mambo yataisha. Je, ndoa ya bustanini ni ndoa? — Mzee wa Buruburu

Mzee wangu, shikamoo. Jibu lina pande mbili, upande wa serikali na upande wa altare, na kosa la vijana wengi ni kudhani kwamba upande mmoja unaufunika mwingine.

Kwa serikali, ndiyo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inatambua ndoa za aina tano: ya Kikristo, ya kiserikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu, na zote zina hadhi sawa mbele ya sheria. Wanaotaka ndoa ya kiserikali humpa Msajili wa Ndoa taarifa ya maandishi isiyopungua siku 21 na isiyozidi miezi mitatu kabla ya siku yenyewe, na taarifa hiyo humfikia pia msimamizi wa mahali ndoa itakapofungwa. Zingatia miezi mitatu hiyo. Vijana wenye pupa hupeleka taarifa mwezi wa Januari kwa harusi ya Septemba, kisha wakaambiwa waanze upya. Maombi siku hizi hupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, lakini kwa jambo la msajili kusafiri hadi bustanini nawashauri waende wenyewe ofisini, Sheria House hapa mjini au ofisi ya Mombasa, wakaulize tarehe, ada na nani atakayekwenda, kabla ya kumlipa mwenye jumba. Mashahidi wawili lazima wawepo. Kila mwaka kuna bwana harusi anayeacha kitambulisho Nairobi.

Kwa Kanisa Katoliki, paroko wako hakuwa akiwaonea. Kanuni ya 1118 ya Sheria ya Kanisa inataka ndoa ya Wakatoliki wawili ifungwe katika kanisa la parokia; askofu wa mahali anaweza kuruhusu mahali pengine panapofaa, lakini ruhusa hiyo ni yake kutoa au kunyima, na ndoa ya msajili peke yake haitawatosha wanaotaka kupokea sakramenti. Ipo njia ambayo nimeiona ikifanikiwa mara nyingi. Waombe barua ya ruhusa kutoka kwa paroko wenu ili wafunge ndoa asubuhi katika parokia iliyo karibu na jumba hilo, kisha alasiri wageni wahamie bustanini kwa sherehe. Padri wa Pwani ataridhika, nawe utaona binti yako akitembea kati ya viti vya kanisa kama ulivyotarajia tangu alipozaliwa. Mazungumzo na padri huyo yaanze miezi sita kabla, kwa kuwa mafundisho ya ndoa hayakatizwi kwa sababu ya tiketi za ndege.

Jambo moja zaidi, la baba kwa binti. Ikiwa paroko ndiye aliyekutuma uandike barua hii, mwambie hivyo binti yako. Ikiwa ni wewe mwenyewe ndiye usiyefurahi, mwambie hivyo pia.

Mama Mshauri, mwanangu anafanya kazi Uingereza na mchumba wake ni Mwingereza. Wanachagua kati ya nyumba ya kale juu ya majabali ya Cornwall na villa moja huko Ravello, Italia. Sisi wa upande wa kiume tuko ishirini hapa Nairobi. Tukiuliza juu ya viza, tunaambiwa tusiwe na wasiwasi. — Mama wa Kileleshwa

Mama, una haki ya kuwa na wasiwasi, na kijana ana haki ya kuota. Tatizo ni kwamba anaota akiwa na kibali cha kuishi Uingereza mfukoni. Watu ishirini wenye pasipoti za Kenya ni maombi ishirini, kila moja na taarifa zake za benki, barua ya mwajiri na ahadi ya kurudi. Kwa kawaida si wote watakaopewa. Muulize mwanao, kwa upole, kama atafurahi harusi ikifanyika shangazi yake akiwa hayupo, kisha mwache alale na swali hilo.

Mahali penyewe nitapaeleza kwa ufupi. Ravello ni mji mdogo ulio juu ya pwani ya Amalfi, mita 350 hivi kutoka baharini, na bustani zake zina sifa kubwa. Villa Rufolo ina asili ya karne ya 13, na mtunzi wa muziki Richard Wagner aliitembelea mwaka 1880. Villa Cimbrone ina roshani ndefu iliyopangwa sanamu za vichwa, na ukisimama hapo huoni kitu ila anga na maji. Panapendeza mno. Pia ni mji wa ngazi na vichochoro, na anayetembelea fimbo atauona kwa taabu. Mgeni kutoka Nairobi atahitaji viza ya Schengen, ambayo tangu Juni 2024 ada yake kwa mtu mzima ni yuro 90, na huombwa mapema kabisa miezi 6 kabla ya safari na si chini ya siku 15 kabla yake. Mwanao naye, kama raia wa Kenya, atatakiwa aonyeshe hati kwamba hana kizuizi cha kuoa, na hati hiyo huanzia kwa Msajili wa Ndoa hapa Nairobi, kisha hupitia ubalozini. Mwombeni ndugu aliye mvumilivu awafuatilie.

Uingereza ina masharti yake. Wanaooana hutoa taarifa wenyewe, ana kwa ana, wakiwa wamekaa katika eneo lao kwa siku 7 au zaidi, kisha husubiri siku 28. Mmoja wao akiwa mgeni katika nchi hiyo, kusubiri kunaweza kufika siku 70. Nyumba lazima iwe imeidhinishwa kwa ndoa, na ndoa ya kiserikali inayofungwa humo haiwezi kuwa na sala wala wimbo wa dini ndani yake. Hili la mwisho mwambie mapema yule mjomba anayepanga kuomba dakika ishirini. Sala yake itangoja mezani, kabla ya chakula. Wageni watahitaji viza ya matembezi, ambayo huombwa si zaidi ya miezi 3 kabla ya safari.

Ningekuwa mimi, ningewaomba vijana wafunge ndoa ya kisheria Uingereza bila makeke, wafanye sherehe wanayoitaka Cornwall au Ravello pamoja na watakaofika, halafu waje Nairobi siku moja ya Desemba wakae nanyi, mavazi yakiwa ni yaleyale. Na mahari, kama bado, yasiachwe mpaka baada ya picha za Ravello. Wazee wa upande wenu wataliona jambo hilo kabla yako.

Mama Mshauri, hatuna uwezo wa kukodi jumba. Tumesikia kwamba magofu ya Mnarani na ya Jumba la Mtwana yanaweza kutumika kwa harusi. Ni kweli, na ni vyema? — Wachumba wa Umoja

Magofu yote mawili yako chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, na maombi ya kufanya shughuli hupelekwa kwa maandishi kwa msimamizi wa mahali husika, ambaye atawaambia ni sehemu gani inaruhusiwa na ada ni kiasi gani. Yanalindwa na sheria ya makavazi na turathi ya mwaka 2006, kwa hiyo msitarajie kupigilia msumari ukutani, kufunga mapambo kwenye nguzo wala kuwasha moto.

Mnarani iko juu ya genge linalotazama mkono wa bahari wa Kilifi, na kwa mandhari sijui magofu mengine yanayoizidi. Lakini kilichosimama hapo ni misikiti na makaburi, likiwemo kaburi la nguzo. Mji ule ulikaliwa na Waislamu kwa karne kadhaa kabla ya kuachwa katika karne ya 17, na majirani wa leo bado wanapaheshimu. Pombe, muziki wa kishindo na mabega wazi kando ya kibla ni utovu wa adabu hata kama risiti ya ada mnayo mkononi. Pigeni picha za heshima, mfungie ndoa penye nyasi mtakapoelekezwa, kisha chakula na ngoma mvipeleke kwingine mjini Kilifi.

Jumba la Mtwana, karibu na Mtwapa, liko ufuoni penyewe chini ya mibuyu, na lina nafasi zaidi. Ni mji wa karne ya 14 nao ukaachwa katika karne iliyofuata. Jina lake maana yake ni jumba la mtumwa mwanamume, na kama bibi yenu ni mtu wa Pwani atawauliza kwa nini mmeliandika kwenye kadi ya harusi. Andikeni "Mtwapa" tu.

Mama Mshauri, nimealikwa harusi Watamu. Nauli na hoteli ni juu yangu, na bado nimetiwa kwenye kikundi cha simu cha kuchanga. Je, nitoe tena? — Rafiki, South B

Hapana. Safari yako ndiyo mchango wako, na aliyekualika analijua hilo ila kamati haijui. Mwandikie bi harusi mwenyewe, si kikundini, umwambie kwa furaha kwamba umekwisha kulipa nauli na utakuwapo. Beba zawadi ndogo isiyovunjika. Kama huwezi kwenda, basi changa unachoweza na ubaki nyumbani bila kujieleza sana. Wanaoeleza sana hukumbukwa zaidi ya wasiokwenda.

Mama Mshauri, tunataka picha za jua likizama baharini nyuma yetu, tukiwa tumesimama kwenye mwamba. Tufunge ndoa saa ngapi? — Maarusi, Ruaka

Wapenzi wangu, bahari yetu iko mashariki. Jua huzama nyuma ya nyumba, juu ya minazi na barabara ya Malindi, mnamo saa kumi na mbili na robo hadi saa kumi na mbili na dakika arobaini kulingana na mwezi. Picha mlizoziona huenda zilipigwa nchi nyingine, au mahali penye mkono wa bahari unaotazama magharibi, kama sehemu fulani za Kilifi na Mida.

Hilo lisiwavunje moyo. Alasiri nyumba hutupa kivuli chake juu ya bustani, wageni hawachomwi, na mwanga unaotoka nyuma ya mpiga picha huifanya bahari kuwa ya buluu kabisa. Anzeni saa kumi. Kama jua na bahari lazima viwe pamoja, basi ni jua la asubuhi: kesho yake, mnamo saa kumi na mbili alfajiri, mtoke nyinyi wawili na mpiga picha mmoja, bila wasimamizi, bila mshereheshaji, shela ikiwa imekunjamana. Mlipeni kabisa usiku uliotangulia, ama sivyo hataamka.